Afya ya akili Tanga: kwa nini namba moja ya jiji zima haimsemi mtu yeyote

Utafiti mmoja wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta kwamba asilimia 24 ya watu waliokwenda kutibiwa katika vituo vya afya vya kawaida walikuwa na matatizo ya akili yale ya kila siku: sonona, wasiwasi uliopita kiasi na mengine ya jamii hiyo. Kwa waliokwenda kwa waganga wa jadi, ilikuwa asilimia 48. Jiji lile lile, kipimo kile kile, namba mara mbili. Sasa mtu akiuliza Dar kuna wagonjwa wangapi, ajibiwe ipi? Hapana hata moja kati ya hizo. Zote mbili zinahusu watu waliokwisha toka nyumbani kutafuta tiba. Aliyejifungia chumbani Manzese hayumo kwenye ile ya kwanza wala ya pili.

Namba hufuata mlango ilikoingilia. Hili husahaulika kila inapotangazwa kwamba mtu mmoja kati ya kadhaa ana tatizo la akili, na katika mji wa watu mchanganyiko kama Tanga kosa lake huwa kubwa zaidi, maana milango ni mingi na kila kundi lina wake.

Mchanganyiko gani hasa?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 393,429 katika Jiji la Tanga. Miaka kumi nyuma walikuwa 273,332. Walioongezeka ni zaidi ya laki moja na elfu ishirini, na si wote waliozaliwa hospitali ya Bombo. Juu ya wenyeji wa pwani, Wadigo na Wasegeju, na wa jirani kama Wabondei, Wasambaa na Wazigua, kuna vizazi vya manamba walioletwa kukata mkonge kutoka Kigoma, Burundi na Msumbiji. Kuna familia za asili ya Kiarabu na Kihindi, wafanyakazi wa bandari na wa kiwanda cha saruji Pongwe, na siku hizi waliofuata kazi za bomba la mafuta, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani.

Mtafiti mgeni hufika na dodoso lenye swali la kabila karibu na mwanzo. Ni vibaya kwa sababu mbili. Sensa za Tanzania hazijauliza kabila wala dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo hata ukilipata jibu huna cha kulilinganisha nalo: huwezi kujua sampuli yako ina Wadigo wengi mno au wachache mno. Na katika nyumba nyingi swali hilo hubadilisha hewa ya mazungumzo. Mtu aliyekuwa tayari kukueleza usingizi wake unavyomkimbia anaanza kujiuliza wewe umetumwa na nani.

Yapo maswali yanayozaa zaidi. Umezaliwa wapi, na umeishi mtaa huu miaka mingapi? Nyumbani mnaongea lugha gani mkiwa wenyewe? Nyumba ni yenu, ya ukoo, au mmepanga? Ukiugua usiku wa manane, nani wa kwanza kumgongea mlango? Hilo la mwisho lina thamani kubwa. Mpangaji wa Mabawa mwenye mwaka mmoja mjini asiye na mtu wa kumgongea, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta mwenye mashangazi watatu mtaa wa pili, kwenye karatasi wanaweza kuwa kabila moja, dini moja na kipato kimoja. Kwa afya ya akili ni watu wa dunia mbili.

Swali moja, masikio mengi

Kipimo cha sonona kinachotumiwa sana ni dodoso liitwalo PHQ-9. Kina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3 kwa wingi wa siku za kusumbuka, kwa hiyo jumla ni kati ya 0 na 27. Ngazi zake zinaanzia 5, 10, 15 na 20, na 10 ndiyo hutumiwa mara nyingi kama kizingiti cha sonona. Kizingiti hicho kilipatikana Marekani, kwa wagonjwa wa kliniki za kawaida, katika utafiti uliochapishwa 2001: kati ya wagonjwa 100 wa kweli kilinasa 88, na kati ya wazima 100 kikawaachia 88. Hakuna amri ya mbinguni inayosema 10 ya kule ndiyo 10 ya Makorora.

Njia ya kukileta kwa watu wa Tanga ni hii. Wafasiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake. Mmoja awe mtu wa tiba, mwingine awe mtu wa mtaani anayejua wanawake wa sokoni na vijana wa bodaboda wanavyosema. Wa tatu aunganishe. Wa nne, ambaye hajaiona nakala ya asili, airudishe kwenye Kiingereza, kisha kamati ikae na matoleo yote mezani. Wengi huishia hapo na kujipongeza. Hatua inayofuata ndiyo yenye faida: kukaa na watu 8 hadi 12 kutoka kila kundi, kuwasomea swali moja moja, na kabla hawajajibu kuwauliza, "Hapa umeelewa nini?"

Hapo ndipo hutoka mambo. Swali la 8 linauliza kama mtu amekuwa akitembea au kuongea polepole mno, au kinyume chake, amehangaika hatulii. Mambo mawili yanayopingana ndani ya swali moja. Mama wa makamo atajibu nusu ya kwanza, kijana nusu ya pili, na wewe huna habari. Ligawe mara mbili, kisha chukua alama iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Swali la 2 linabeba huzuni na kukata tamaa pamoja. Kwa mtu wa dini, kukata tamaa na rehema za Mungu ni dhambi, basi atakana swali zima, na huzuni yake ikapotea humo humo.

Majibu nayo yana ugumu wake. "Zaidi ya nusu ya siku zote" katika wiki mbili ni hesabu ambayo watu hawaibebi kichwani. Mdodosaji aweke mezani punje 14 za kunde, ataje mwanzo ("tangu Ijumaa ya wiki juzi"), mhojiwa atenge punje za siku alizosumbuka. Punje 0 au 1 ni alama 0. 2 hadi 6 ni alama 1. 7 hadi 11 ni 2. 12 hadi 14 ni 3. Huongeza dakika kama tano hivi, lakini majibu ya "aah, mara kwa mara" yanakwisha.

Kisha kuna neno mawazo. "Bibi, katika wiki mbili hizi umekuwa na mawazo?" "Mawazo mwanangu yatakosekanaje, maisha yenyewe haya?" Jibu hilo ni la kila mtu, kwa hiyo halipimi kitu. Linaanza kupima ukiuliza mawazo yamemzuia nini: ameacha kupika, haendi tena kwenye shughuli za majirani, anakaa na watu lakini hayupo. Watafiti wa Zimbabwe walilijua hilo zamani, wakatengeneza dodoso la maswali 14 lililoanzia kwenye maneno ya Washona wenyewe, la kwanza likiwa juu ya kuwaza kupita kiasi. Dar es Salaam nayo ina dodoso lake la maswali 19 kwa ajili ya sonona, lililotathminiwa katika utafiti uliochapishwa 2008. Kwa maoni yangu utafiti wowote wa Tanga ungetumia mawili kwa pamoja: PHQ-9 ili ulingane na dunia, na hilo la Dar ili ulingane na watu.

Maswali ya saikosisi, yaani ugonjwa wa kupotewa na uhalisia, yana mtego mkubwa zaidi. "Umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Katika mji ambao kuna watu wanaopungwa pepo, wanaosomewa kisomo na wanaoombewa kanisani usiku kucha, "ndiyo" haimaanishi ugonjwa. Fuatilia: sauti zilikuja wakati gani, ndani ya ibada au nje yake; zilidumu muda gani; watu wa imani ile ile wanaionaje hali yako? Likijibiwa hilo la mwisho na mtu wa nyumbani kwamba "hata fundi mwenyewe kasema hili si la pepo" (fundi hapa ni mganga), hapo kaa vizuri uandike.

Kalenda ya mwezi

Wapangaji wa ratiba hujua mvua za masika. Mwezi wa angani ndio huwapita.

Chukua Ramadhani. Maswali manne ya PHQ-9 yanahusu usingizi, uchovu, hamu ya kula na kutulia akilini. Mfungaji anayeamka kula daku, akashinda juani na kulala baada ya tarawehe, anaweza kwa haki kabisa kupata 3, 3 na 3 katika matatu ya kwanza. Akiongeza alama 1 tu ya kushindwa kutulia, amefika 10. Huyo ni "mgonjwa wa sonona" ambaye hajahuzunika hata siku moja, na pengine huo ndio mwezi wake wa furaha kuliko yote. Kata za Waislamu wengi zitaonekana na sonona kuliko nyingine, na ripoti itaandikwa kwa uso mkavu kabisa. Kwa kuwa kipimo kinaangalia wiki mbili nyuma, na wapo wanaofunga sita ya Shawwal, kazi ya nyanjani isianze kabla ya wiki ya tatu au ya nne baada ya Idi. Na katika hesabu, waorodheshe pembeni wote waliofikisha 10 bila kupata angalau 2 kwenye swali la 1 au la 2, yaani kukosa raha na huzuni. Hao kipimo chenyewe, kikifuatwa sawasawa, hakiwahesabu kuwa na sonona kamili.

Wavuvi wa dagaa wana mwezi wa namna nyingine. Kazi yao ni ya giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika. Ukimhoji mvuvi wa Sahare mwishoni mwa giza, wiki zake mbili ni za kukesha na kulala mchana. Ukimhoji mwishoni mwa mbalamwezi, ni za kulala vizuri, mfukoni hamna kitu na nyumbani maneno. Mtu huyo huyo, alama mbili tofauti. Dawa ni kuwatawanya wahojiwa wa vijiji vya uvuvi katika wiki zote nne za mwezi, na kuandika tarehe ya mwezi mwandamo kwenye kila dodoso. Haigharimu chochote, na ni nadra kuiona ikifanyika.

Hesabu inayogeuza wazima kuwa wagonjwa

Kipimo cha maswali huchuja tu. Hakithibitishi ugonjwa. Tofauti hiyo inasemwa kila mahali, lakini uzito wake hauonekani mpaka uhesabu.

Tuseme katika watu 1,000, wenye sonona ya kweli ni 50, yaani asilimia 5. Kipimo kinanasa wagonjwa 80 kati ya 100, na kinawaachia wazima 90 kati ya 100, jambo ambalo ni zuri tu. Wagonjwa watakaonaswa ni 40. Wazima ni 950, na kumi ya kila mia wataguswa kimakosa: 95. Jumla walionaswa ni 135. Ripoti itasema "asilimia 13.5 wana sonona", wakati kati ya hao 135 wenye sonona ni 40 tu. Si kwamba mtu amedanganya. Wazima ni wengi mno kuliko wagonjwa, hivyo hata kosa dogo juu yao huzaa umati.

Kuirudisha namba mahali pake kunawezekana. Chukua asilimia iliyopatikana (0.135), ongeza uwezo wa kuwaachia wazima (0.90), toa 1: unapata 0.035. Kisha jumlisha uwezo wa kunasa na ule wa kuachia (0.80 na 0.90), toa 1: unapata 0.70. Gawa ya kwanza kwa ya pili, ni 0.05. Asilimia 5 imerudi. Ila ili ufanye hivyo lazima uujue uwezo wa kipimo chako kwa watu wa Tanga, na huo hupatikana kwa njia moja tu: mtaalamu wa magonjwa ya akili awahoji upya wote walionaswa, au sehemu yao, pamoja na sehemu ya walioachiwa, bila kujua nani alipata alama gani. Watafiti wengi huwahoji walionaswa peke yao. Kosa. Hapo huwezi kujua wangapi wamekupita.

Na uwezo huo huenda usiwe mmoja kwa makundi yote. Kama kipimo kinawaachia wazima 95 kwa mia Raskazone lakini 85 Tongoni, basi hata kama sonona iko sawasawa kote, Tongoni itaonekana na wagonjwa wengi zaidi, na mtu ataandika ukurasa mzima kueleza sababu za tofauti isiyokuwapo.

Watu wangapi, na wapatikane vipi

Namba maarufu ni 384. Hutoka kwenye hesabu ya kukisia asilimia 50 kwa kosa la pointi 5 juu au chini. Ina kasoro mbili. Kwanza, kama tatizo lenyewe ni la asilimia 5, kusema "5, jumlisha au toa 5" ni kusema kati ya sifuri na kumi, si jibu. Ukitaka kosa la pointi 2 kwa tatizo la asilimia 5 unahitaji kama watu 457. Pili, hesabu hiyo inadhani watu wameokotwa mmoja mmoja jiji zima, wakati nyanjani huchukuliwa kwa mafungu, watu wa eneo moja la sensa kwa pamoja. Majirani hufanana, hivyo kila anayeongezwa katika eneo hilo hilo analeta habari pungufu. Ukichukua watu 20 kwa eneo, na kufanana kwao kukiwa 0.05 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), sampuli lazima iongezwe mara 1.95: 384 inakuwa 749. Weka asilimia 10 ya watakaokataa au kukosekana, ni 832. Ukichukua watu 10 tu kwa eneo, kuzidisha kunashuka hadi 1.45 na jumla inakuwa 619, lakini maeneo yanapanda kutoka 42 hadi 62, na mafuta ya gari nayo.

Hapo ni kwa jiji kama kitu kimoja. Ukitaka kulinganisha kata za katikati, za pembezoni na za uvuvi, kila tabaka linataka sampuli yake kamili. 832 mara tatu ni 2,496. Wadodosaji wanane wakifanya mahojiano manne kwa siku, ile ya kwanza ni siku 26 za kazi na hii ni 78. Kwa hiyo swali la bajeti na swali la haki ni swali moja. Wasio na fedha za kutosha wasilinganishe makundi; afadhali wachague kundi moja walijue vizuri. Ripoti yenye watu 30 wa jamii fulani, watatu wakiwa na sonona, haina asilimia 10. Ina kitu kati ya asilimia 2 na 27.

Orodha ya kaya nayo usiipokee kama ilivyo kutoka kwa mjumbe. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wanawajua wenye nyumba. Wapangaji wanawajua nusu nusu. Nyumba moja ya Ngamiani yenye ukumbi katikati na vyumba sita inaweza kuwa kaya sita, kwa sababu kaya ni wanaokula chungu kimoja. Pita mwenyewe, hesabu majiko. Ukishachagua kaya, orodhesha watu wazima wote waliomo na umchague mmoja kwa jedwali la nasibu kabla hujajua nani yupo. Ukimchukua uliyemkuta, utahoji kina mama na wazee mpaka uchoke, na vijana wa bandarini, mafundi na wavuvi hawatakuwamo. Rudi mara tatu kwa nyakati tofauti, mojawapo iwe baada ya Magharibi. Na kumbuka kwamba mtu aliyechaguliwa kati ya watano anawakilisha watano. Uzito huo uwekwe kwenye hesabu.

Kuna wasiofikiwa kwa mlango wowote: walioko gereza la Maweni, hospitali ya akili ya Lutindi huko Korogwe, wanaolala barazani, waraibu wa heroini. Kwa hawa wa mwisho hutumika njia ya mnyororo: wachache wanaoanza wanapewa kuponi tatu kila mmoja za kuwaalika wenzao, na mahesabu hupima nani anajuana na wangapi. Kwa wenye saikosisi, utafiti wa INTREPID huko India, Nigeria na Trinidad uliwafuata wagonjwa hadi kwa waganga wa jadi na viongozi wa dini, maana wengi hawakanyagi hospitali. Tanga bila waganga ni nusu ya Tanga.

Hodi, na baada ya hodi

Vibali vina ngazi: kamati ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kama kuna mtafiti wa nje, ofisi ya mkoa, mkurugenzi wa jiji, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Lakini mwenyekiti asikusindikize hadi ndani. Akutambulishe mlangoni, aondoke. Kuhojiwa mbele ya mwenyekiti ni kuhojiwa na serikali.

Nyumba nyingi za zamani kuta za vyumba haziishii darini. Jirani anasikia hadi kikohozi. Ofisi ya mtaa siyo mbadala, ndiko watu hupelekwa wakishtakiana. Chumba cha zahanati saa za mchana ni bora, au maswali yasomwe kwa sauti kwenye spika za masikioni na mhojiwa abonyeze namba kwenye tableti. Mdodosaji asitoke mtaa huo huo. Anayejulikana hupokelewa kwa chai, ila hawezi kuambiwa siri. Na karatasi isiwe na kichwa "Utafiti wa magonjwa ya akili" kwa herufi kubwa, maana jirani akiiona keshamwita mwenzake kichaa. Kichwa kiseme afya na maisha, na maelezo ya ridhaa yaeleze bila kuficha kwamba kuna maswali ya huzuni, wasiwasi na fikra za kujidhuru.

Swali la 9, lile la fikra za kuona bora kufa au kujidhuru, ndilo linalohitaji maandalizi kuliko yote. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo. Kwa hiyo ridhaa itaje wazi kwamba jibu halipelekwi polisi, na pia itaje ukomo wa siri: ukiwa hatarini, nitamwambia mtaalamu wa afya. Jibu lolote lililozidi 0, dodoso linasimama. Uliza kwa upole na bila kuzunguka: fikra hizo ni za leo? Umepanga kitu? Umewahi kujaribu? Nani hapa nyumbani unamwamini? Akisema za leo au ana mpango, usimwache peke yake hata kidogo. Mpigie muuguzi wa afya ya akili anayesimamia timu, dawa na sumu zilizomo nyumbani ziondolewe na ndugu anayeaminika kwa ridhaa yake, na apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Bombo siku ile ile kwa gari la mradi au kwa nauli iliyotengwa. Mradi usio na fungu hilo katika bajeti usiulize swali la 9. Kuuliza hakumtii mtu wazo la kufa. Kuuliza na kuondoka ndiko kunakoumiza.

Kueleza tofauti

Mwaka 1939 watafiti Faris na Dunham walionyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia, aina moja ya saikosisi, huko Chicago walitoka zaidi katika mitaa ya katikati, maskini na yenye wahamaji. Ubishi uliozaliwa hapo haujaisha: je, mtaa unaumiza, au aliyeumwa hushuka hali mpaka akaishia mtaa ule? Utafiti wa AESOP wa London, Nottingham na Bristol, matokeo yake ya 2006, ulikuta skizofrenia mara kama tisa zaidi kwa watu wa asili ya Karibi kuliko Waingereza weupe, na karibu mara sita kwa Waafrika. Mwingine wa kusini mwa London, 2001, ulikuta hatari hiyo kwa watu wa jamii za wachache ni kubwa zaidi pale wanapokuwa wachache zaidi katika eneo.

Tanga mambo yanaweza kwenda kinyume na Chicago. Kijana akirukwa na akili mjini, mara nyingi ndugu humrudisha kijijini, au humpeleka kwa fundi Muheza au Pangani akakaa miezi. Mtaa alioishi unabaki na wazima, na dodoso linasema mtaa ni salama. Kwa hiyo kila kaya iulizwe: kuna mtu aliyeishi hapa miaka miwili iliyopita akaondoka kwa sababu ya ugonjwa? Swali moja tu hilo, na tofauti nyingi za kata kwa kata hubadilika sura.

Nayo hoja ya uchache isihamishwe kutoka London kama ilivyo. Msambaa wa Chumbageni si mchache kwa maana ya Mjamaika wa Brixton. Uchache wa Tanga uko kwenye kukosa mtu wa kumgongea, na ndiyo maana lile swali la mlango wa usiku liwekwe kwenye hesabu kabla ya kabila, dini au kata. Likiingia, huenda tofauti za makundi zikapungua. Likiingia na tofauti zikabaki, hapo ndipo pa kuchimba.

Matokeo yakirudi mtaani yawe kurasa mbili, kwa Kiswahili, bila jina la mtaa wala kisanduku cha jedwali chenye watu chini ya watano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka uangalifu huo, na majirani wanaweza kumtambua mtu kwa umri na kazi tu. Orodha ya majina ikae mbali na majibu, kwenye kompyuta nyingine yenye nywila yake. Mkutano uitishwe baada ya Alasiri, siyo Ijumaa, na muuguzi wa Bombo awepo, kwa sababu mkutano ukiisha daima kuna wawili watatu wanaobaki nyuma wakijifanya wanatafuta kandambili.